Hesabu za watoto wa Kasongo: nani anaweza kuzisoma tena?



Kila aliyesoma afya ya jamii katika nchi yetu amesikia habari za Projet Kasongo. Profesa anaandika jina ubaoni, sisi tunalinakili, mtihani unakuja, tunapata pointi, basi. Wachache sana wameisoma makala yenyewe. Hata mimi sikuisoma mpaka nilipolazimika, wakati wa TFC yangu juu ya surua. Leo nataka kuikosoa hapa mbele yenu. Sina nia ya kuwavunjia heshima walioiandika. Nataka tuone kosa lake liligunduliwa kwa njia gani, na kwa nini kosa la aina ile likifanyika kwetu leo, hakuna mtu atakayeweza kuligundua.

Kwanza tukumbushane. Kuanzia 1971, Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerpen, Ubelgiji, ilifanya kazi Kasongo pamoja na serikali ya Zaire. Maniema haikuwa jimbo bado wakati ule, tulikuwa ndani ya Kivu mpaka 1988. Wazo lilikuwa jepesi: kituo cha afya karibu na watu, munganga anayezijua familia zake, fishi ya kila mgonjwa inayobaki kituoni, na nyuma ya vituo vyote lopitali moja ya rufaa. Leo tunaona ni kawaida. Lakini mkutano wa Alma-Ata uliotangaza afya ya msingi kwa watu wote ulifanyika 1978, na Kasongo walikuwa wamekwisha kuanza miaka saba kabla. Miaka ya 1980 nchi ilipokatwa katika zoni za afya 306, uzoefu wa Kasongo ulikuwa mmoja wa ile iliyofuatwa, pamoja na wa Bwamanda, Vanga na Kisantu. Leo zoni ni 519, na Lusangi ni moja yao. Kwa hiyo hii zoni yetu, yenye pikipiki iliyokwama na friji ya chanjo ya sola, ni mjukuu wa Kasongo kabisa.

Watu wa mradi ule hawakuwa wadogo. Wim Van Lerberghe, mmoja wao, ndiye aliyekuja kuongoza uandishi wa ripoti ya afya ya dunia ya WHO ya 2008, ile iliyorudia mambo ya afya ya msingi. Na Mkongomani mwenzetu, Daktari Pangu Kasa-Asila, alitetea mwaka 1988 huko Brussels thesis nzima juu ya kupanga na kujenga vituo vya afya vya Kasongo. Hao walijua kazi.

Sasa tufike kwenye makala. Ilitoka mwaka 1981 katika The Lancet, jarida kubwa la tiba la London. Inauliza: ukimchanja mtoto surua, anaishi zaidi? Usiseme haraka "ndiyo, bila shaka". Wao hawakuuliza kama chanjo inazuia surua, hilo lilijulikana. Waliuliza kama mtoto aliyeokolewa na surua bado yuko hai mwaka mmoja au miwili baadaye, au kama kuhara, malaria na njaa vinamchukua baada ya hapo. Waliwafuata watoto wa miezi 7 mpaka 35, waliochanjwa na wasiochanjwa, wakahesabu waliokufa katika kila umri.

Naomba tusimame hapo kidogo. Kulifanya jambo hilo kunadai umjue mtoto huyu huyu, kwa jina lake na kijiji chake, leo na mwaka ujao na ule unaofuata. Kunadai mtu anayetembea nyumba kwa nyumba kuuliza swali gumu kuliko yote: mtoto yuko? Kwa miaka ya 1970, barabara zikiwa zile tunazozijua, ile ni kazi ya kuheshimiwa.

Jibu walilotoa ndilo lililozua maneno. Walisema kwamba katika umri ambapo surua inaua zaidi, waliochanjwa walikufa kidogo kuliko wenzao. Lakini baadaye, walisema, faida ile ilipungua, na makundi mawili yakakaribiana. Kutoka hapo wakaingiza mashaka: kabla ya kuweka chanjo ya surua kwa wingi mahali palipo kama Kasongo, tujiulize kwanza kama kweli inapunguza vifo vyote kwa jumla. Kwa maneno ya kijijini: unamtoa mtoto kwenye mdomo wa mamba huyu, mamba mwingine anamngoja mbele. Makala ile iliwapa hoja wale waliokuwa wakisita kutia fedha katika chanjo ya surua kwa nchi maskini.

Nina malalamiko matatu.

La kwanza ni urefu wa mruko. Hesabu ni ya watoto wa mahali pamoja, wa miaka michache. Kadiri umri unavyopanda, wanaokufa wanapungua, na namba ndogo inayumba kirahisi: vifo vichache huku au kule na mstari wa grafu unainuka au unashuka. Tena watoto hawakugawanywa kwa kura, kwa hiyo kundi moja laweza kutofautiana na lingine kwa mambo ambayo chanjo haihusiki nayo. Ukiwa na data ya namna hii, unaweza kusema "tumeona hivi, tuendelee kuangalia". Kuifanya iwe onyo kwa wanaopanga programu za chanjo, huko ni kuibebesha mzigo mkubwa kuliko mgongo wake.

La pili ni picha ya mtoto iliyo ndani ya hoja ile. Inamchukua mtoto wa Kasongo kama mtu aliyekwisha kuandikiwa kufa, kwamba sababu moja ikiondoka, nyingine itajaza nafasi. Tuseme ukweli, kuna kipande cha ukweli humo, na kila mama wa huku amekiona. Lakini fikra ile ikishika ofisi inayogawa fedha, inakuwa ruhusa ya kutofanya kitu.

La tatu ni sahihi. Makala imetiwa sahihi na "Timu ya Mradi wa Kasongo", bila jina la mtu. Wengine wanaona ni unyenyekevu, na mimi naelewa: kazi ilikuwa ya wote. Lakini kwa sisi tunaotafuta leo, jina la timu ni ukuta. Waganga wa vituo waliojaza fishi, watu waliotembea njia za vijiji, wote wako ndani ya neno "timu", na huwezi kumfuata neno nyumbani kwake kumuuliza daftari liko wapi.

Sasa ilikuwaje kosa likaonekana? Peter Aaby, mtafiti wa Denmark aliyekuwa akifuata watoto huko Guinea-Bissau tangu mwisho wa miaka ya 1970, alipinga. Yeye aliona kinyume: waliochanjwa walikuwa wanaishi zaidi, hata kupita kiasi ambacho surua peke yake ingeeleza. Mwaka 1995, yeye na wenzake, wakiwemo watafiti wa Senegal, walichapisha katika jarida la BMJ uchunguzi uliokusanya tafiti kutoka Bangladesh, Benin, Burundi, Guinea-Bissau, Haiti, Senegal na Zaire. Waliona vifo vya kila namna vimepungua kwa waliochanjwa, kati ya asilimia 30 na 86 kufuatana na utafiti. Unaona neno "Zaire" kwenye orodha ile? Kasongo iko ndani yake. Hesabu zilizotumika kuitilia chanjo mashaka mwaka 1981 zilirudi miaka 14 baadaye, zikasomwa upya na kuwekwa kwenye mizani pamoja na nyingine, na safari hii zikasaidia kuitetea.

Baadaye tena, mwaka 2015 na 2019, Michael Mina na wenzake walionyesha katika jarida la Science njia moja inayoweza kueleza jambo hili: surua inaufutia mwili kumbukumbu ya magonjwa ambayo ulikwisha kujifunza kupigana nayo, na mtoto aliyepona anaweza kubaki dhaifu kwa miaka miwili au mitatu. Kumbe swali la Kasongo, "mtoto anakuwaje baadaye?", lilikuwa swali zuri sana. Jibu ndilo liliharakishwa. Na lilirekebishwa kwa sababu moja: hesabu zilikuwa zimeandikwa, zimehifadhiwa, zimechapishwa mahali ambapo mtu asiyekubaliana nazo angeweza kuzichukua na kuzipima upya.

Kwangu mimi hiyo ndiyo maana ya kuokoa data ya zamani. Kuiweka ndani ya sanduku hakutoshi. Kupiga picha karatasi zikapendeza kwenye maonyesho hakutoshi. Data imeokolewa siku ambayo mpinzani wako anaweza kuifungua na kukuambia ulikosea.

Nikaribie nyumbani sasa. Kwa TFC yangu nilitaka kitu kidogo: rejista za surua za kituo kimoja cha afya, miaka mitano mfululizo, pamoja na ule wa 2019. Mnakumbuka 2019. Mwanzoni mwa 2020 WHO ilihesabu zaidi ya watu 6,000 waliokufa kwa surua katika nchi yetu katika mlipuko ule, karibu wote watoto. Kituo sikitaji, ju viko vingi kama kile na munganga wake anajitahidi. Mkuu wa kituo, yule tunayemwita IT, mzee mwenye upole, alifungua kabati, akaangalia, akafunga.

"Mutoto yangu, ile ya 2019 haiko tena. Ingine mchwa alikula, ingine wamama walifungia karanga."

"Sasa papa, na ripoti?"

"Ripoti? Ripoti ilienda. Kila mwezi ilienda ku biro ya zoni. Hatukukosa hata mwezi moja."

Na ni kweli, zilienda. Namba za kila mwezi zilikuwa zimeingizwa kwenye mfumo wa kompyuta wa afya, ule DHIS2 ambao nchi nzima inatumia. Nilizipata, nikaandika TFC, nikapata lisansi. Lakini angalieni nilichopata: mwezi wa kwanza wagonjwa fulani, mwezi wa pili fulani, vifo fulani. Jumla tu. Hakuna mtoto hata mmoja ndani yake. Siwezi kujua kama yule aliyepona mwezi wa tatu alirudi na kuhara mwezi wa saba, siwezi kujua kama alichanjwa, siwezi kujua kama yuko. Swali ambalo Kasongo iliweza kuuliza miaka ya 1970 kwa kalamu na fishi, mimi niliye na simu mfukoni na setilaiti juu ya kichwa siwezi kuliuliza.

Tunajisifu kwamba tumeingia dijitali. Kilichoingia dijitali ni jumla, na jumla ikishafika juu, chini hakuna anayeona tena haja ya kulinda daftari. Mchwa anamalizia kazi tuliyoanza wenyewe.

Wengine watasema: hata mkilinda, vita vitakuja kuchoma. Hoja hiyo ina uzito na sitairuka. Vita vya 1996, halafu vya 1998 mpaka 2003, vilipita Maniema, na hatujapata utulivu wa kweli mpaka leo. Kama kila karatasi ya Kasongo ingebaki Kasongo, pengine nisingekuwa na makala ya kukosoa. Maktaba za Antwerpen na London zimetufaa, tukubali. Lakini kutoka hapo watu wanafika kwenye mwisho wa uvivu: eti data ya Kongo inakaa vizuri Ulaya, basi ikae. Kilichoiokoa ni kuwa na nakala mahali pengine, na mahali pengine panaweza kuwa Kindu, Bukavu, Kisangani na Brussels kwa pamoja. Nakala moja Ulaya peke yake nayo ni hatari, tofauti ni kwamba mchwa wa kule anaitwa bajeti.

Angalieni Yangambi, karibu na Kisangani. Kituo cha INEAC kilichoanzishwa wakati wa ukoloni kiliacha madaftari ya kuangalia miti: tangu 1937 mpaka miaka ya 1950, kila juma, mti huu umetoa maua, ule umeangusha majani, huu una matunda. Karatasi zilikaa miaka mingi bila kusomwa. Kuanzia 2015, katika mradi ulioitwa Jungle Rhythms, zilipigwa picha, na maelfu ya watu wa kujitolea kwenye intaneti wakazinakili alama kwa alama. Mwaka 2024 matokeo yalitoka katika jarida la kisayansi, na safari hii majina ya Wakongomani yako kwenye orodha ya waandishi: Emmanuel Kasongo Yakusu, Bhely Angoboy Ilondea na wengine. Pale pale Yangambi, tangu 2020, kuna mnara wa mita 55 unaopima hewa inayoingia na kutoka msituni. Daftari la babu na mashine ya mjukuu vinazungumza juu ya msitu mmoja.

Nao nina neno kwao. Kunakili alama kwa Kiingereza kwenye skrini kuliwapa nafasi watu walio na intaneti ya bei nafuu. Mwanafunzi wa Kabambare anayenunua mega za siku moja hakuwa miongoni mwao, ingawa yeye ndiye anayejua mti ule unaitwaje kwa lugha ya nyumbani na unachanua kabla ya mvua gani. Hata hivyo walifanya jambo ambalo sisi hatujafanya: alama ya penseli ilipewa maelezo, mti ukapewa namba, na matokeo yakawekwa wazi.

Ndiyo maana nimeandika haya kwenye ukurasa wetu, ju sisi tuko wengi, tumesoma, na wengi tunasubiri kazi. Kila mmoja ana kituo cha afya karibu, au shule yenye daftari la mvua, au parokia yenye kitabu cha ubatizo. Tunaweza kuanza bila kungoja mradi wa mzungu. Lakini tuanze vizuri, kwa sababu kuokoa vibaya kunaweza kuumiza watu.

Rejista ya kituo ina majina. Ndani yake kuna mama aliyepimwa VVU, kuna msichana aliyeletwa baada ya kubakwa. Picha ya ukurasa kama ule ikiingia kwenye kikundi cha WhatsApp, umeharibu maisha ya mtu kwa jina la sayansi. Kwa hiyo kwanza ni ruhusa: IT, daktari mkuu wa zoni, na kamati ya maadili kama ni utafiti. Halafu picha zinapigwa kwa utaratibu, ukurasa kwa ukurasa, jalada likiwemo, na kila faili inapewa jina linaloeleweka: kituo, mwaka, namba ya ukurasa. Majina ya wagonjwa yanabadilishwa kuwa namba kabla data haijatoka mikononi mwa wenye dhamana, na namba ile ibaki ile ile kwa mtoto yule yule, maana bila hivyo tunarudi kwenye jumla. Karatasi moja ya maelezo iandikwe: nani alijaza, "H" ilimaanisha nini, kijiji kilichohamishwa na vita kilikuwa wapi. Nakala ziwe tatu, moja iwe mbali na nyingine, katika faili ya kawaida ambayo programu yoyote inafungua. Kila mwaka mtu mmoja azifungue aone kama bado zinasoma, kwa sababu kadi ya simu inakufa kimya kimya, haitoi hata vumbi kama mchwa.

Na karatasi yenyewe tusiitupe. Tumwombe mama wa karanga aturudishie, tumnunulie mifuko.

Nimalizie na makala yangu ya 1981. Watoto wale wa miezi 7 mpaka 35 wana leo miaka hamsini na kitu. Wale walioishi ni baba na mama zetu, wajomba na shangazi zetu, walio Kasongo, Kindu, pengine na hapa Lusangi. Watu walibishana juu ya uhai wao kwa lugha wasizozisoma, katika majarida wasiyoyaona. Hakuna aliyerudi kuwaambia mabishano yaliishia wapi. Jumapili iliyopita nilimweleza mama mmoja wa umri ule, mzaliwa wa Kasongo, kwa Kiswahili chetu, robo saa nzima. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza swali ambalo sina jibu lake mpaka mtu apate daftari:

"Sasa mie nilikuwa kundi gani?"